Disjonktere ikianguka, uliza kwanza imechukua muda gani

Atelye yangu iko chini ya nyumba yetu, hapa Kadutu, mjini Bukavu, kwenye mteremko ambako paa la mmoja linakaribia kizingiti cha mwenzake. Juu tunalala na kupika, chini ninaranda mbao. Kwa miaka saba resho (jiko la umeme) na randa vilikula kwenye waya mmoja. Disjonktere, ile swichi inayokata umeme yenyewe, ilipoanguka, mke wangu aliita kutoka juu, “Papa, zima mashine!” nami nikamjibu kutoka chini, “Mama, zima resho!” Mmoja wetu alikwenda kwenye kofre, kisanduku cha disjonktere, akainua kile kilimi cheusi, kazi ikaendelea. Hakuna aliyeuliza kwa nini kilianguka.

Siku hizi ninauliza, na ninakuomba nawe uulize. Nyumba nyingi huku ni za mbao, zimebanana ukuta kwa ukuta, na moto ukianza kwenye vichochoro vyetu vya ngazi, gari la zimamoto halina pa kupita. Anayeweza kuuzuia ni yule anayesimama mbele ya kofre.

Usiinue haraka

Acha kilimi kikae chini dakika chache, ukumbuke kilianguka wakati gani. Ni pale pale ulipochomeka fishi (plagi)? Ni pale mota ilipotaka kuzunguka? Au ni baada ya nusu saa ya kazi, wakati hakuna aliyegusa kitu chochote?

Ndani ya disjonktere mna walinzi wawili. Mmoja ni kibati cha metali mbili zilizobanwa pamoja: umeme ukipita kwa wingi kinapata joto, kinapinda polepole, mwisho kinaachia kilimi. Huyu ndiye mlinzi wa mzigo uliozidi, naye ana subira. Mwingine ni koili ndogo ya sumaku. Huyu hangoji joto; ampea zikiruka ghafla, anavuta mara moja. Kwa hiyo muda uliopita ndio unaokuambia ni mlinzi yupi aliyepiga kelele, na hapo umeshajua nusu ya ugonjwa.

Ikianguka papo hapo

Toa fishi zote kwenye prizi (soketi). Kuzima swichi ya kifaa hakutoshi, kwa sababu kosa laweza kuwa ndani ya kamba, kabla umeme haujafika kwenye swichi. Kisha inua kilimi.

Kikianguka tena wakati hakuna kitu kilichochomekwa, ugonjwa uko kwenye waya za nyumba: msumari uliotoboa, panya aliyetafuna, domino (kiungio cha waya) iliyolowa maji ya paa. Hapo kiache chini, umwite fundi umeme. Usikijaribu mara ya tatu.

Kikikaa, chomeka kifaa kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa kimezimwa kwanza, halafu ukiwashe. Kile kinachoangusha ndicho mgonjwa wako. Kwangu ilikuwa randa ya mkono. Nilipopinda kamba yake pale inapoingia kwenye mpini, mpira ulifunguka kama mdomo na nikaona shaba za waya mbili zikigusana kwa ndani. Kamba hufa mahali pawili: kwenye mpini na kwenye fishi, kwa sababu hapo ndipo inapopindwa kila siku. Nilikata ile sehemu mbovu, nikafunga upya kwenye skrubu zake, kazi ya robo saa. Usizungushie utepe ukaridhika. Utepe unaficha kidonda, waya zinaendelea kugusana chini yake.

Kwa resho, hasa zile zenye waya wa springi uliolala wazi kwenye udongo, kuna tabia moja ambayo nawasihi akina mama na mabinti waiache. Springi ikikatika, tunavuta ncha mbili, tunazisokota pamoja, resho inawaka tena, na tunafurahi kwamba sasa ina moto zaidi. Ni kweli ina moto zaidi. Springi imekuwa fupi, umeme unapita kirahisi, na unapita mwingi. Ukipoteza sehemu moja ya tano ya springi, resho ya wati 1000 inakuwa ya wati 1250. Ikikatika mara ya tatu na kusokotwa mara ya tatu, hujui tena unapikia resho gani. Nunua springi mpya. Na sufuria isiguse springi kamwe: ni umeme mtupu ule, na mwiko wa chuma unaukaribisha mkononi mwako.

Ikianguka baada ya dakika nyingi

Huu ndio ugonjwa wa nyumba nyingi, na ndio uliokuwa wetu. Hesabu yake ni rahisi: gawa wati kwa volti, unapata ampea. Kwa volti 220, disjonktere ya ampea 10 inabeba kama wati 2200, ile ya 16 inabeba kama 3500.

Sasa tazama jioni yetu ya kawaida. Resho ya sahani mbili, wati 2000: ampea 9. Mota ya randa kubwa ya mezani, kilowati 1.5: ampea 10. Friji ikiwa imeshaanza: ampea 1 hivi. Jumla 20, kwenye disjonktere iliyoandikwa C16, yaani ya ampea 16.

Msomaji makini ataona jambo kwenye hiyo mota. Kilowati 1.5 ukizigawa kwa 220 hazifiki hata ampea 7. Lakini kwenye mota za namna hii, sahani ya maelezo iliyobandikwa juu yake huandika nguvu inayotoka kwenye mhimili, si ile inayoingia kwa waya. Kinachoingia ni zaidi. Kwa hiyo kwa mota usihesabu wati, soma ampea zilizoandikwa kwenye sahani yake. Kwa resho, pasi na birika la umeme, wati zinatosha.

Tena usidhani C16 inakata ampea 16 zikipita tu. Imetengenezwa ivumilie. Mzigo wa ampea 18 inaweza kuubeba saa nzima bila kuanguka, na hata ukifika 23 ina ruhusa ya kuchelewa karibu saa moja. Ndiyo maana ilituangukia baada ya dakika ishirini siku moja, arobaini siku nyingine, na tukadhani ni mbovu. Ilikuwa nzima kabisa. Kofre ikiwa juani au karibu na jiko, inaanguka mapema zaidi, kwa sababu kile kibati tayari kina joto.

Kama huna pensi ya kupimia ampea, tumia kontere yako, ile mita ya umeme. Kontere nyingi za kununua umeme kabla zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni pameandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake, ikipepesa mara 1000 umekula kilowati-saa 1. Washa vitu vyako vyote, shika simu yenye saa ya sekunde. Taa ikipepesa, anza kuhesabu kutoka sifuri: sifuri, moja, mbili, mpaka kumi. Gawa 36,000 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 18 ni wati 2000, sekunde 9 ni wati 4000. Kama kontere imeandikwa 1600, gawa 22,500 badala yake. Zima kifaa kimoja, hesabu tena, na utajua kila kimoja kinakula kiasi gani. Kijana wangu wa kazi alipima nyumba nzima Jumapili moja alasiri, akagundua kwamba pasi yetu ya zamani inakula karibu sawa na randa ya mkono.

Pensi ukiipata, ibane kwenye waya mmoja tu, fazi peke yake, ule unaoleta umeme. Ukibana kamba nzima yenye waya mbili itakuonyesha sifuri, kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi hufutana. Nimeona watu wakirudisha pensi nzima dukani kwa sababu hiyo.

Ikianguka mota inapoanza

Mota ikiwa imesimama, inapowashwa huvuta ampea mara tano, sita, hata saba za kawaida yake, kwa muda mfupi mpaka ishike mwendo. Hapa herufi iliyo kabla ya namba ndiyo yenye habari. B inakata mara moja ikiona mara 3 hadi 5 ya namba yake. C inangoja mara 5 hadi 10. D mara 10 hadi 20. Kwa hiyo mota kubwa kwenye B16 itaangusha kila asubuhi hata kama waya ni mzuri. Nyumbani C inatosha karibu kila mara. D ni ya mashine nzito za kuanza kwa shida, na iwekwe na fundi aliyepima waya, si kwa kubahatisha.

Lakini kabla ya kulaumu umeme, toa fishi, shika mhimili, uzungushe kwa mkono. Ukigoma, au ukikwaruza, beringi imekufa au vumbi la mbao limeshikana na mafuta. Kisu butu pia ni mzigo. Nilipopeleka visu vya randa kunolewa, mashine iliyokuwa ikivuta ampea 12 kwenye ubao wa mkaratusi ilishuka hadi 8, ubao uleule. Mbao mbichi nayo inavuta kuliko kavu. Kwa zana za mkono, meleze (grinda) na msumeno wa duara, fungua kifuniko cha pembeni utazame yale makaa mawili ya mota, vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme: yakibaki na milimita 5 hivi, badilisha yote mawili pamoja. Cheche chache za bluu ni za kawaida. Cheche zinazozunguka kama pete ya moto si za kawaida, zima.

Sasa niseme neno juu ya jioni za Bukavu. Umeme wetu unatoka Ruzizi, pale mto unapoliacha Ziwa Kivu, na mtambo wa kwanza unazunguka tangu mwisho wa miaka ya 1950. Nyumba zimeongezeka, waya kutoka kabine (kituo cha transfoma) ni mirefu, na kuanzia saa kumi na mbili jioni kila mtu anapika. Kwangu nimepima volti 165 saa moja usiku. Kwa volti hizo, resho ya wati 1500 inatoa kama 840 tu, maana nguvu inashuka kwa kasi kuliko volti. Mama anaona maharage hayaivi, anawasha sahani ya pili. Na mota? Nguvu yake ya kuanza nayo inashuka hadi karibu nusu. Inanguruma bila kuzunguka, huku inavuta zile ampea za kuanzia sekunde baada ya sekunde, inajichoma. Friji ikifanya hivyo utasikia: mguno, halafu “tak”, kimya, na baada ya dakika chache mguno tena. Itoe kwenye prizi mpaka umeme utengemae. Mimi saa za jioni siwashi kabisa randa kubwa. Wateja wameshazoea.

Ikikataa kuanguka

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Fundi mmoja alikuja, akasikiliza malalamiko yetu, akatoa ile 16 akaweka 32. Nilimlipa na kumshukuru. Miezi miwili hakuna kilichoanguka, resho na randa pamoja, na mimi nikawasimulia majirani. Usiku mmoja mke wangu akaniamsha: “Nani anakaanga sambaza saa tano hii?” Tukanusa. Ilikuwa kweli harufu ya samaki, lakini hakuna sufuria motoni, na majirani walikuwa wamelala. Plastiki na rangi za prizi zikianza kuungua hunuka hivyo, samaki au mkojo, kabla hujaona moshi.

Niliteremsha kilimi kikuu, nikapapasa ukuta kwa mgongo wa mkono. Nyuma ya prizi ya jikoni ubao ulikuwa wa moto kama pasi. Nilipofungua kwa tornavisi (bisibisi), plastiki ilikuwa imelainika, ganda la waya limekuwa kahawia na kukauka, linapukutika kwa kidole. Nyuma yake ubao umeungua, doa jeusi la ukubwa wa kiganja, na katikati lilikuwa limeshaanza kuwa makaa. Kitanda cha watoto kiko upande wa pili wa ubao huo.

Waya ulikuwa wa 1.5, yaani unene wa milimita za mraba 1.5. Ampea 20 zilipita humo kila jioni, na joto la waya haliongezeki sawasawa na ampea: ampea zikiwa mara mbili, joto ni mara nne. Ile 32 haikuwa na sababu ya kukata, kwake 20 ni mzigo mwepesi. Juu ya hayo, skrubu moja ya prizi ilikuwa imelegea. Penye mguso mbaya umeme unasuguana. Ukiwa na nusu omu tu ya ukinzani pale, ampea 10 zinazaa wati 50 za joto ndani ya kijisanduku kisichopumua.

Basi namba ya disjonktere inafuata waya, haifuati hamu ya mwenye nyumba. Kwa waya wa 1.5 wa shaba, 10, na isizidi 16. Kwa 2.5, 16 au 20. Kwa 4, 25. Kwa 6, 32. Na uhakikishe ni shaba kweli: kwaruza ncha kwa kisu. Sokoni kuna waya zilizopakwa shaba juu, ndani nyeupe, ni alumini. Hizo hazibebi sawa na shaba.

Mara moja kwa mwezi, baada ya mapishi, zima na ushike kila prizi inayobeba kitu kizito, na kila fishi. Uvuguvugu sawa. Ikikufanya uondoe mkono, usiitumie tena mpaka ifunguliwe. Kabla ya kufungua, teremsha kilimi kikuu na upime kwamba hakuna umeme. Kwenye nyumba nyingi fazi na netri, waya wa kurudisha umeme, zimebadilishana nafasi, na disjonktere inayokata waya mmoja inaweza kuwa imekata netri tu, huku umeme ukibaki umelala ndani ya prizi.

Ralonji

Haya ni machache. Ralonji (kamba ya kurefushia umeme) ya kuzungushia kwenye gurudumu inyooshwe yote kabla ya kuchomeka randa au meleze. Ikibaki imeviringwa, joto halina pa kutokea, na tabaka za ndani huyeyuka kwanza. Nyingi zimeandikwa wati za aina mbili, ya kuviringwa na ya kunyooshwa. Soma ile ndogo. Multiprizi, ile ya matundu mengi, si ya resho wala birika. Posti ya kuchomelea vyuma isile kamwe kwenye prizi ya nyumba: iwe na laini yake kutoka kofre.

Kuhusu disjonktere yenye kitufe cha T, ile ya miliampea 30: hiyo haihesabu mzigo, inatazama umeme unaovuja kwenda ardhini. Ikianguka siku za mvua, au birika linapoanza kuchemka, tafuta maji au resistansi (chuma cha kupasha joto) iliyopasuka. Ibonyeze T kila mwezi; isipoanguka, ibadilishwe.

Tulivyopanga sasa

Atelye ina laini yake, waya wa 4, C20, kutoka kofre moja kwa moja bila kuungwa njiani. Jikoni ni 2.5 na C16. Taa zina 1.5 na C10. Sikufanya vyote kwa siku moja. Nilianza na jiko, nikangoja hela ya kabati mbili, nikamalizia chini.

Ndani ya mlango wa kofre nimeandika kwa chaki ampea za kila kitu, na binti yangu wa darasa la tano anajua kujumlisha: mama akitaka kupiga pasi, anaangalia kwanza resho iko na ngapi. Ndoo ya mchanga mkavu iko chini yake, maana maji hayamwagwi kwenye moto wa umeme kabla kilimi kikuu hakijashuka.

Delestaji, ule mgao wa umeme, ikianza, anayekuwa karibu anazima resho, anazima mashine, anatoa fishi ya friji, anaacha taa moja tu ya ukumbini. Umeme ukirudi hurudi kwa kishindo, mtaa mzima ukiwa umeacha vitu vimewashwa. Taa ile ikiwaka na kutulia, tunahesabu dakika tano, tunarudisha friji kwanza, kisha resho sahani moja, na mimi ninateremka kufagia takataka za mbao; randa inangoja asubuhi.